Mkamwana Haendi Chooni

1

Kopo lilinipita karibu na sikio, likagonga ukuta, na Mama Ambwene akasema wazi kwamba alikuwa amenilenga usoni.

"Mkono umechoka tu," alisema. "Sogea nirushe tena."

Lilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Nililiokota, nikalifuta kwa pindo la koti la maabara na kulirudisha mezani pamoja na mengine manane. Nyumba ile ina watu tisa: yeye, mumewe mwenye mguu mbovu, mama mkwe wake, watoto watano na mpangaji mmoja, fundi cherehani. Wote tisa walikuwa sebuleni na hakuna aliyenikaribisha kiti.

"Kila mtu kiasi cha punje ya haragwe," nilisema. "Asubuhi, kabla ya chai. Na msichangiane. Nikikuta makopo mawili yanafanana nitarudi."

"Wiki iliyopita ulituingiza vijiti vya pamba. Ukamwinamisha mama mkwe wangu, mwanamke wa miaka sabini na nne. Vijiti vikasema tuko safi. Leo unataka mavi yenyewe. Nayo yakisema tuko safi mtataka nini, Subilaga? Utumbo?"

"Yakisema mko safi nitaandika mko safi."

"Utamwandikia nani? Baba mkwe wako?"

Nilipanga makopo mstari. Mwenyekiti wa Baraza la Maji la Mwela Juu ni baba wa mume wangu, na kila mtu anajua. Jina lake siliandiki hapa. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na mimi nimekuwa mkamwana wa nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Bibi zetu waliyaishi hayo, mama zetu wakayaacha, sisi tukayarudia, kwa sababu antibayotiki zilipoisha nguvu watu walianza kupenda chochote kinachomweka mtu mbali na mwenzake.

Nilipita uani. Juu ya mlango wa choo chao taa ilikuwa nyekundu, kama kila asubuhi kwa wiki mbili. Kampuni iliyofunga mashine zile kwenye vyoo vyote vya mji ilizipa jina la Shahidi. Watu hawakumaliza wiki wakaziita Mbea. Mbea anakaa ndani ya bomba, ananusa kila kinachopita, na akikuta bakteria sugu, wale wasiosikia dawa, anawasha taa na kupeleka habari Barazani. Taa ikiwa nyekundu asubuhi tatu mfululizo, nyumba nzima inateremshwa. Lori huja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, likawachukua wote mpaka mpangaji, likawashusha Mwela Chini, ambako mabomba yetu yote yanamwaga. Huko kuna mkunga mmoja na kisima kimoja, na hospitali ya juu haimpokei mtu wa huko.

Nyumba zilizokuwa zimefikisha asubuhi tatu zilikuwa ishirini na tatu. Lori lilikuwa linakuja baada ya siku kumi.

Mama Ambwene alinifuata mpaka getini. "Ukinishushia watoto, nitakulaani wewe na ukoo wako wote!"

"Basi makopo yawe tayari saa moja," nilimwambia. Mimi nami nina mdomo.

2

Watu wote wa nyumba zile ishirini na tatu, mia moja themanini na sita kwa idadi, walikuwa wamepimwa kwa pamba na hakuna hata mmoja aliyekutwa na mdudu. Mbea anasema yupo, pamba inasema hayupo. Mhandisi Gwamaka, msimamizi wa Mbea, alikuwa na maelezo yake: pamba ni kipimo cha kizembe. Ndiyo maana Baraza liliniagiza nilinganishe njia zote tatu, pamba, kopo na Mbea, ili ithibitike kwamba Gwamaka ana akili.

Na pamba kweli ina mapungufu, sitaificha kwa sababu ya chuki zangu. Nilikuwa nimeshuka Mwela Chini kwa wabebaji sitini wanaojulikana, watu wenye mdudu tumboni ingawa hawaumwi. Kopo likawakamata hamsini na saba. Pamba niliyoingiza kwa mkono wangu, nikaizungusha mpaka ikatoka na rangi, ikawakamata arobaini na tisa. Pamba ambayo mtu alipewa aende nyuma ya pazia akajiingizie mwenyewe ikawakamata thelathini na mmoja tu, maana wengi waliigusisha na kuitoa nyeupe kama walivyoipokea. Aibu peke yake ilikuwa imewaficha watu kumi na wanane. Nikaona pia kwamba pamba ikilazwa kwanza siku nzima kwenye mchuzi wa kuoteshea, wale bakteria wachache walioshikwa huzaana, na hata ile ya aibu inapanda hadi arobaini na moja.

Kwa hiyo kwa zile nyumba ishirini na tatu niliacha pamba nikachukua kopo. Sahani mia moja themanini na sita, kila moja imepakwa dawa inayoua bakteria wa kawaida na kuwaacha sugu waote kwa rangi ya waridi. Siku ya pili jioni nilizifungua moja moja. Hakukuwa na waridi popote.

Gwamaka alikuja na buti zake za mpira akasimama juu ya sahani zangu.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

"Basi sahani zako mbovu."

"Sahani za Mwela Chini zilitoka boksi hilohilo na ziliota mpaka zikafurika. Labda Mbea wako anaota ndoto."

Hilo lilimuuma. Alinishika mkono akanipeleka kwenye vyoo kumi vya soko, tukamwaga makopo kumi, matano ya wabebaji na matano ya watu safi, bila kuiambia mashine lipi ni lipi. Mbea alipatia yote kumi. Gwamaka alicheka peke yake.

"Sasa," alisema tuliporudi, "mdudu yumo bombani na hayumo kwa watu. Aliingia kwa miguu?" Akafungua faili la fomu zangu na kuweka kidole. *Watumiaji wa choo: kaya moja.* Mwandiko wangu, mara ishirini na tatu. "Choo kimoja, kaya moja. Ama watu wanakudanganya kwenye makopo, ama wewe unanidanganya mimi. Mama Ambwene ni jirani yako wa ukuta, au nakosea?"

"Toka maabarani kwangu."

"Jumanne ripoti iwe Barazani. Sitapenda Mwenyekiti asikie kwamba mke wa mwanawe anaficha wabebaji."

Alikwenda zake, na tope la buti zake likabaki sakafuni. Nilipiga deki nikimtukana mpaka matusi yakaniishia.

3

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimechuchumaa chooni kwa Mama Ambwene, kama kila siku, nikiendelea kumtukana Gwamaka kimoyomoyo. Mwanga mwekundu wa taa ulikuwa unapenya juu ya mlango. Niliutazama, na matusi yakanikatika.

Utaniuliza niliwezaje kutoona, na mimi najiuliza. Mkamwana haingii choo anachoingia baba mkwe. Hakanyagi pale alipokanyaga yeye. Kwa hiyo kila asubuhi wake wa vijana wa mji huu huchukua kikombe na kwenda kwa jirani "kuomba chumvi". Jirani hufungua mlango wa uani, akaangalia pembeni. Halizungumzwi, hata kati yetu wanawake. Mbele za watu mkamwana haendi chooni kabisa, siku zote, mpaka anazeeka. Na siku nilipojaza fomu ya nyumba ile nilikuwa nimetoka humohumo asubuhi hiyohiyo, nikaandika kaya moja bila kusita. Sikudhani nadanganya. Kuomba chumvi hakukuwa kutumia choo. Nilitamani kujizaba kofi.

Mama Ambwene alikuwa uani anawasha jiko.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua nini?"

"Unajua ninachosema."

"Mnakuja wawili kila siku, wewe na mwenzako mwenye mimba. Nina macho." Aliweka sufuria kwa kishindo. "Lakini kulitamka ni kuivua nguo nyumba ya Mwenyekiti mchana kweupe. Hilo ni la nyumba yenu. Litamke wewe, au niache nifungashe vyombo vyangu."

"Na bado unatufungulia mlango?"

"Mngekwenda wapi?" alisema kwa hasira, akanipa kisogo.

Wawili. Mimi na Atuganile, mke wa mdogo wake mume wangu. Tunaitana mke mwenzangu, tunapika jiko moja, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwomba kopo akanipa bila kuuliza, kwa sababu alikuwa bado ananiamini. Nikajipima na mimi. Siku mbili nilizongoja sikula vizuri, na nilisali sala ambayo siyo nzuri: kwamba ikiwa lazima awe mmoja, asiwe mimi.

Sahani yangu ilitoka tupu. Ya Atuganile ilikuwa waridi yote.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilimwonyesha sahani.

"Kliniki walinipima kwa pamba. Nikawa safi."

"Ulijiingizia mwenyewe?"

"Ningemwachia nani?"

"Basi haikuona. Atu, Dokta Mwaseba anataka kukupasua amtoe mtoto, akidhani u safi. Atakupa dawa ya kawaida, na wadudu ulio nao hawasikii dawa ya kawaida. Utatoka salama, siku ya tatu homa itapanda, na hakuna atakayeweza kuishusha. Imebaki dawa moja inayowaweza. Anayo kwenye friji lake. Lakini lazima ajue kabla hajashika kisu."

"Akijua yeye, Baraza linajua. Aliyebainika hapasuliwi."

"Ndiyo."

"Nisipopasuliwa, kovu la mtoto wa kwanza linafumuka."

"Ndiyo."

"Nikinyamaza, Mama Ambwene anashuka na watoto wake watano kwa sababu yangu."

"Ndiyo."

"Sema kitu kingine, mwanamke wewe!" Alirusha kisu kwenye beseni, maji yakaturukia wote wawili. "Miaka minne chuoni, urudi kuniambia ndiyo, ndiyo! Nani alikutuma unipime? Ungeniacha nife sijui!"

Nilikuwa na hasira naye kwa kulia na hasira na mimi kwa kumliza. Nilimwambia nilichokuwa nimekiwaza usiku wa kuamkia siku ile: kwamba sikuhitaji kutaja jina la mtu. Ilitosha kusema kwamba vyoo vinachangiwa. Fomu zote ishirini na tatu zingeanguka, maana Mbea anajua mdudu wala hajui mtu. Baada ya hapo kipimo kingebaki kopo, na jibu la kopo lingekwenda kwa daktari peke yake.

"Utalisema wapi?"

"Barazani."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Atuganile alijifuta uso kwa kanga. "Umerukwa na akili," alisema, na hakunizuia.

4

Ripoti zangu huwa nampa karani kupitia dirishani. Jumanne ile nilipita mlangoni. Wajumbe wanne waliinua vichwa, Gwamaka akaacha kuandika, na Mwenyekiti akageuza kiti chake kikaelekea ukuta. Nilitazama sakafu. Sauti yangu ilitoka nyembamba, nikaichukia.

"Kopo ni bora kuliko pamba," nilisema. "Mbea ni bora kuliko vyote viwili kwa kumjua mdudu. Lakini fomu nilizojaza zina kosa, na kosa ni langu. Choo kimoja siyo kaya moja. Wake wa vijana wa mji huu hawaendi kwenye vyoo vya nyumba zao. Wanakwenda kwa majirani. Mimi mwenyewe nakwenda kwa Mama Ambwene kila siku tangu nilipoolewa, kwa heshima ya baba wa mume wangu. Kwa hiyo kinachoonekana kwa Mama Ambwene kinaweza kuwa cha nyumba nyingine, na nyumba zote ishirini na tatu ni hivyohivyo."

Nilimwona Gwamaka akielewa. Si mjinga yule. Mama yake naye aliolewa, naye aliomba chumvi. Uso ulimbadilika, akaangalia kalamu yake.

Mwenyekiti aliongea na ukuta.

"Karani, kuna mtu alikuwa anazungumza?"

Karani alinitazama mimi, akaitazama dari. "Hapana, Mwenyekiti."

"Iandikwe hivyo. Ishirini na tatu, Jumamosi. Ajenda inayofuata."

Nilisimama pale kama mshumaa uliozimwa. Hakuna aliyenifukuza, maana sikuwepo.

5

Atuganile na Mama Ambwene walikuwa wananisubiri, kila mmoja upande wake wa ukuta. Niliwaeleza.

"Nilikuambia," alisema Mama Ambwene. "Umejivua nguo na hawakuangalia hata."

Atuganile alikuwa ameshika mgongo. Kisha akauliza, "Nyumba ya Baraza ina choo?"

"Kile cha nyuma, anachotumia yeye na wajumbe."

"Kina Mbea?"

"Kila choo kina Mbea."

"Na sheria inasemaje? Nyumba ya nani inateremshwa?"

Niliijua kwa kichwa, nilikuwa nimeisaidia kuitafsiri. "Nyumba yoyote, ya mtu au ya umma, pamoja na wote waitumiao."

"Mke mwenzangu," alisema, "kama ni mimi ninayewachafulia watu, acha nikachafue panapostahili. Kesho naomba chumvi Barazani."

Nilimkatalia. Nilimwambia choo ambacho baba mkwe anakalia! Nilisikia kichefuchefu kweli, mimi niliyeshika makopo ya mji mzima. Alinijibu kwamba baba mkwe amesema hakuna mtu, na yeye ni hakuna mtu, basi aende.

Usiku ule neno lilipita ukuta kwa ukuta, na Jumatano saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kumi na wawili. Msafishaji alipofungua mlango wa nyuma alituona na vikombe vyetu, akaangalia pembeni kama jirani yeyote mwenye adabu. Atuganile aliingia wa kwanza, mkono mmoja ukutani. Alhamisi tulikuwa thelathini na mmoja. Hawakuja kwa kunipenda mimi. Mke wa mzee wa kanisa alinitemea mate karibu na mguu na kuniambia nimewaaibisha wanawake wote wa Mwela kwa mdomo wangu, kisha akapanga foleni nyuma yangu. Kila mmoja alikuwa na jirani yake kwenye orodha ya Jumamosi.

Taa ikawaka nyekundu asubuhi zote tatu, Jumatano mpaka Ijumaa. Alhamisi Gwamaka alikuja na spana, akang'oa kifaa na kufunga kipya, nacho kikawaka. Angeweza kuweka kufuli, lakini mtu anayeweka kufuli lazima aseme anamzuia nani.

Na Mwenyekiti, aliyesema hakuna mtu aliyezungumza, Alhamisi alitoka kikaoni mara mbili. Nilimwona kutoka dirisha la maabara. Robo saa kupanda mpaka choo cha nyumbani, robo saa kurudi, kwenye mvua, bila mwavuli. Ijumaa alikwenda mara tatu. Alikuwa amesikia kila neno.

6

Jumamosi lori lilisimama mbele ya nyumba ya Baraza, injini ikiwa inanguruma. Watu wa nyumba zile walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, Mama Ambwene juu ya godoro lililofungwa kwa kamba, mama mkwe wake kwenye kiti pekee. Karani alisoma orodha. Mashine ndiyo iliyoipanga kwa alfabeti, hakuwa na la kufanya.

"Baraza la Maji, nyumba ya," alisoma, akaisogeza karatasi karibu na macho.

Watu waliguna. Gwamaka alimpokonya karatasi.

"Hii inaondolewa. Ni hitilafu."

"Hitilafu ya nini?" niliuliza. "Kifaa kimefungwa juzi na wewe mwenyewe."

"Kuna watu wasiohusika wameingia."

"Watu gani? Ofisi hii ina wanaume sita na fagio."

"Unajua ni watu gani!"

"Mimi sijui. Wataje, karani aandike. Sema ni nani, na kwa nini hawakwenda kwao."

Alifungua mdomo. Akawatazama wanawake waliojaa barabarani, thelathini na kitu, kila mmoja na kanga kichwani na macho chini, heshima tupu. Akamtazama Mwenyekiti. Likitajwa, basi nililolisema Jumanne lilikuwa kweli, na nyumba ishirini na tatu zingetoka kwenye orodha pamoja na ile moja. Lisipotajwa, Mwenyekiti na wajumbe wanapanda lori.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "sema tu neno moja. Sema ni wakamwana."

Tulingoja. Nilikuwa natazama ardhi, lakini niliisikia pumzi ya mzee. Lilikuwa neno dogo, na lingemwokoa. Lakini kulisema mbele ya mji ni kukiri kwamba choo chake kimeingiwa na wake wa wanawe, na kwamba kwa siku mbili amekuwa akikimbia mvuani kwa sababu hiyo.

"Pandeni basi," alisema Mama Ambwene kutoka kwenye godoro lake. "Tutawasogezea."

Mtu alicheka, kisha wengi. Ndipo nilipoweka karatasi yangu juu ya boneti la lori. Ilikuwa na mistari mitatu, bila neno mkamwana: Mbea azimwe. Nyumba zote zibaki. Jibu la kopo liende kwa daktari peke yake, na atakayebainika apasuliwe kwa dawa iliyobaki. Karani akaweka kalamu kando yake.

Mwenyekiti alisaini. Nilisikia kalamu ikikwaruza kwenye bati, nikasikia muhuri. Watu walianza kupiga vigelegele na kuburura magodoro, watoto wakakimbia. Nilinyoosha mkono nichukue karatasi.

"Subilaga," alisema.

 Mkamwana haitwi kwa jina na baba mkwe.

"Nenda kwenu."

Miaka kumi na moja nimemfulia shuka na kumwachia chakula mezani na kutoka kwa mlango wa nyuma, na hayo ndiyo maneno aliyonipa kwa kinywa chake. Niliinua macho nikamtazama. Ana uso wa mume wangu, mzee zaidi, na midomo ilikuwa inamcheza. Nilidhani ningemwonea huruma. Sikumwonea.

"Ndiyo, baba," nilisema.

Saa sita nilimkabidhi Dokta Mwaseba kopo la Atuganile, mkononi, likiwa na jina lake kamili na jina la mdudu. Aliandika tarehe ya upasuaji mbele yangu, akaandika na dawa. Alitaka kunipongeza, nikamwambia aache.

Lusajo, mume wangu, alikuwa bwawani kwenye zamu ya miezi mitatu; angeyapata kwa simu, na angekuwa upande wa baba yake, namjua. Nyumbani Atuganile alikuwa ananifungia begi, analia, ananiita mpumbavu, ananiita kichwa ngumu, anauliza nani sasa atapika naye. Mawifi zangu walisimama barazani kuhakikisha sibebi kisicho changu. Mzee alikuwa amekaa mbele ya nyumba na amenipa mgongo.

Niliwapita wote. Sikuwa mkamwana wa mtu tena. Nilivuka ua saa saba mchana, jua likiwaka na watu wakinitazama, nikaingia choo cha nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa, nikabamiza mlango, nikakaa humo muda wote niliotaka.